Meza yangu naivaa kiunoni

Mimi kazi yangu ni kuhesabu mali za watu. Mwenye duka la jumla au ghala akitaka kujua ana nini hasa ndani, yaani kilichopo kweli na sio kile kompyuta ya kaunta inachosema kipo, anatuita, tunaingia rafu kwa rafu, boksi kwa boksi, mpaka tumalize. Spea za magari pale mtaa wa Gerezani hapa Dar, vipodozi Kariakoo, vigae na matairi kwenye maghala ya Vingunguti na Chang'ombe, dawa, vyombo, vyote nishavihesabu. Ni kazi ya kusimama, masaa nane mpaka tisa kwa siku, na kule katikati ya rafu hamna meza, hamna kiti, hamna hata ndoo ya kugeuza ukakalia, na kila ulichohesabu lazima ukiandike hapo hapo maana ukisema ngoja nimalize rafu nzima kwanza ndo niandike, ushapotea.

Sasa laptopu unaiweka wapi? Miaka yangu ya mwanzo jibu lilikuwa mkono wa kushoto. Unaifungua, unailaza kwenye mkono kuanzia kiganja mpaka kiwiko kama mhudumu anavyobeba sinia, halafu mkono wa kulia unaandika kwa vidole viwili. Au unaiacha juu ya boksi, unahesabu, unairudia kuandika, unaenda tena, na kwenye huko kwenda na kurudi ndo namba zinapotelea njiani, unatoka kule na 148 unafika huku unaandika 184. Aliyewahi kufanya hii kazi anajua ninachosema.

Na sio kuhesabu mali tu. Mwaka 2022 nilipata nafasi ya ukarani wa sensa, ile ya kwanza kwetu kufanyika kwa vishikwambi badala ya makaratasi, tukaanza tarehe 23 Agosti kupita nyumba kwa nyumba. Kishikwambi ni chepesi, kama nusu kilo tu, lakini kishike kwa mkono mmoja umesimama uani kwa watu, kaya ina watu tisa, kila mtu na maswali yake, halafu hamia kaya nyingine, na nyingine, mpaka jua linazama. Wengi walitukaribisha viti, Mungu awabariki, ila kuna nyumba unahojiana na mtu mlangoni tu. Siku ya nne kidole gumba cha kushoto kilikuwa hakikunji. Mpaka leo nikisikia ile namba ya matokeo, watu 61,741,120, naukumbuka huo mkono wangu, maana kuna kipande kidogo cha hiyo namba kilipita juu yake.

Wazo la meza ya kuvaa lilinijia stendi ya Magufuli pale Mbezi, nasubiri basi la Morogoro. Kulikuwa na kijana anauza bigijii, pipi, betri na chaja za simu kwenye trei ya mbao, trei ina mkanda umepita nyuma ya shingo yake, ukingo mmoja umeegemea tumbo. Mikono yote miwili iko huru. Anapokea elfu mbili, anatafuta chenji kwenye kikopo kilichopigiliwa pembeni, anaandika namba ya simu ya mtu kwenye kidaftari, yote amesimama, yote juu ya ile trei. Nilimwangalia mpaka basi likaja. Nikasema moyoni huyu kijana ana ofisi, mimi mwenye laptopu sina.

Niliporudi nikatafuta mtandaoni, kumbe huko Marekani na Ulaya zinauzwa kabisa, zimetengenezwa kwa plastiki au aluminiamu, zina mikanda ya mabegani, watu wanazifanyia kazi maghalani na kwenye saiti za ujenzi. Nikapiga hesabu ya bei na usafirishaji mpaka Dar, nikafunga ule ukurasa nikaenda Keko.

Keko kwa asiyeijua ndo kwa mafundi samani, vitanda na makabati yote unayoyaona kwenye guta yanapita barabarani mengi yanatoka kule. Nikamkuta fundi mmoja anapiga msasa mlango, nikamsalimia, nikamchorea ninachotaka kwenye kipande cha boksi. Akaniangalia akasema, "Dada, hii ni meza au begi?" Nikamwambia vyote viwili. Akacheka, akachukua plaiwudi ya milimita 12, akasema hii hata ukikaa juu haipindi. Akakata sentimita 50 kwa 35, akazungushia kingo nyembamba ili laptopu isiteleze, akatoboa matundu manne kwenye kona. Elfu 30 akanichaji. Mkanda nikautoa Gerezani kwenye gari lililokatwa spea, ule mkanda wa siti, maana nilijua ni mgumu na haukatiki, na fundi viatu akaushona ukapita shingoni kama wa yule kijana.

Siku ya kwanza nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuielezea. Kwa mara ya kwanza kwenye hii kazi niliandika kwa mikono miwili. Nasimama mbele ya rafu, macho yanaona mzigo, vidole viko kwenye kibodi, hamna namba inayosafiri. Rafu ambayo kawaida inanila asubuhi nzima nikaimaliza kabla ya saa tano. Wenzangu wakaanza kuniuliza nimeitoa wapi.

Saa saba mchana shingo ikaanza kuwaka. Nikadhani ni mazoea tu, mwili utazoea. Siku ya tatu nikawa naamka na kichwa kinauma upande wa nyuma, vidole viwili vya mkono wa kulia vina ganzi, na bado nikavaa maana kasi ilikuwa imeshanoga na mwenye mali alikuwa amefurahi. Wiki mbili nilienda hivyo. Hapa ndo nilipokosea, na nasema wazi ili mwingine asirudie, ganzi ya vidole sio mazoea. Ganzi ni mwili unakwambia kuna neva imebanwa, vua.

Nikaenda kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia, nikaenda na meza yenyewe maana nilijua nikielezea kwa mdomo hatanielewa. Kwanza aliniuliza ina kilo ngapi, nikawa sijui. Niliipima siku ile ile jioni kwenye mizani ya duka la Mangi mtaani kwetu, ubao na laptopu na mkanda na mashine ya kuskani, kilo 3 na gramu 600. Nikamrudia nikasema mbona kidogo, mbona mtoto nilimbeba wa kilo tisa mgongoni na sikuumwa hivi.

Yule dada wa fiziotherapia alinijibu hilo swali kwa fagio, na mimi hilo fagio sitalisahau. Alichukua fagio la mpini mrefu lililokuwa nyuma ya mlango, akaniambia nishike ncha ya mpini kwa mkono mmoja, fagio lilale mbele yangu sambamba na sakafu. Akachukua chupa ya maji ya lita moja na nusu akaitundika kwa kamba karibu kabisa na ngumi yangu. Nikabeba bila shida. Akaisogeza katikati ya mpini, mkono ukaanza kutetemeka. Akaisogeza mbele kabisa, fagio likashuka lenyewe nikashindwa kulizuia. Akaniambia, "Chupa ni ile ile dada yangu. Kilichobadilika ni umbali."

Ndo akanielewesha kwamba uti wa mgongo uko nyuma, meza iko mbele, katikati ya uzito wa meza mpaka kwenye uti ni kama sentimita 30, halafu misuli ya mgongo inayovuta kwa nyuma ili usianguke kifudifudi iko kama sentimita 5 tu kutoka katikati ya uti. Kwa hiyo kila kilo moja iliyoko kule mbele, misuli inavuta kama kilo sita. Kilo zangu 3 na nusu zikawa zaidi ya kilo 20, masaa nane. Mtoto wa mgongoni na mbeleko amekugandama, hana umbali, ndo maana mama anaweza kutembea naye kutoka shambani mpaka nyumbani. Na mkanda wa shingoni unabonyeza pale pale misuli ya shingo na mishipa inapopita kwenda mikononi. Yule kijana wa stendi, aliniambia, trei yake inapungua uzito kadri anavyouza, na kila mara anaivua anakaa. Wewe yako haipungui.

Aliniambia nipumzike wiki mbili, nikapumzika siku kumi tu maana hela ilikuwa inahitajika.

Toleo la pili nilijifunza harusini. Kulikuwa na matarumbeta, wale jamaa wanaopiga juu ya pikapu mbele ya msafara, na walipofika ukumbini wakashuka, nikaona yule wa ngoma kubwa ngoma iko tumboni lakini mgongoni kwake mikanda imepishana kama herufi X, shingo haina kitu. Na amesimama kajiegemeza nyuma kidogo. Nikamfuata walipopumzika nikamwambia kaka samahani nioneshe mikanda yako. Akanigeukia akanionesha na akaniambia kitu kimoja, kwamba mzigo wa mbele unataka mwenzake nyuma, yeye hana mwenzake ndo maana analala nyuma kwa mwili wake, na jioni kiuno kinamuuma.

Nikaenda nikabadilisha mikanda, ikapishana mgongoni. Shingo ikapona kabisa. Ila kwa mwanamke ile mikanda ikipita kifuani inabana vibaya, nikawa navuta pumzi fupi fupi, na mabega yakaanza kulalamika badala ya shingo. Yaani maumivu yalihama nyumba tu. Lakini ile kauli ya mzigo wa mbele unataka mwenzake nyuma nikaiweka akilini.

Jibu lenyewe lilikuwa Karume, sokoni, kwenye mitumba ya mabegi. Yale mabegi makubwa ya wapanda milima, kama wanayobeba wagumu, yaani wapagazi, wa Kilimanjaro, yana mkanda mpana wa kiunoni wenye sponji nene na klipu ya plastiki mbele. Muuzaji alikuwa na begi moja limechanika lote huku juu, akaliona halina kazi, akaniachia kwa elfu 8. Mimi nilitaka ule mkanda tu. Mkanda huo hauko kwa urembo, ukiufunga vizuri unakaa juu ya mifupa ya nyonga na uzito unashuka kwenye miguu moja kwa moja, mabega yanabaki na kazi ya kuzuia mzigo usipinduke tu. Wanaopanda mlima wanalijua hilo siku nyingi, sisi wa mjini tunavaa begi na mkanda wa kiuno unaning'inia.

Kwa hiyo meza ya tatu, ambayo ndo naitumia mpaka leo na marekebisho, iko hivi. Ukingo wa karibu wa ubao umekaa kwenye mkanda wa kiunoni kwa bawaba mbili ndogo, hivyo ubao unaweza kunyanyuka na kushuka kama kifuniko. Ukingo wa mbali umeshikwa na mikanda miwili myembamba inayopanda mabegani na kupishana mgongoni kisha inarudi kwenye mkanda wa kiuno kwa nyuma. Ubao sio tena milimita 12, ni 6, na ni sentimita 40 kwa 28, fundi alibisha kwamba itapinda nikamwambia sikai juu yake fundi, naandikia tu. Na nyuma ya mkanda, pale juu ya makalio, fundi viatu alishona mifuko miwili, mmoja wa pawabenki mwingine wa chupa ya maji. Huyo ndo mwenzake wa nyuma. Maji yakiisha nasikia kabisa meza imeanza kunivuta mbele, naenda kujaza, kwa hiyo na kunywa maji nimeanza kunywa vizuri.

Kuhusu urefu, hapa watu wengi wanakosea wakiniiga. Wanauliza ubao uwe juu kiasi gani kutoka chini. Sio kutoka chini, ni kutoka kwenye kiwiko. Simama, mabega yaachie yashuke, kunja viwiko mpaka mkono uwe sambamba na sakafu, kibodi iwe hapo au chini kidogo ya hapo. Ikiwa juu zaidi utanyanyua mabega bila kujua, na jioni utakuwa umeyabeba mabega yako mwenyewe kutwa nzima.

Lakini kwenye laptopu kuna tatizo ambalo mkanda hauwezi kulitatua. Kioo na kibodi vimeungana. Ukiweka mikono mahali pake, kioo kiko chini na shingo imeinama, ukinyanyua kioo kije usoni, mikono iko hewani. Kichwa cha mtu mzima kina kama kilo 5, na kikiinama mbele ni fagio lile lile. Mwaka mmoja nilihangaika na hili mpaka nikakubali kwamba laptopu sio kitu cha kuvaa. Nikanunua kishikwambi cha mtumba na kibodi ndogo ya bluetooth, fundi akanitengenezea kistendi cha kukinyanyua kishikwambi kimesimama kwenye ubao, sio usoni kabisa lakini juu vya kutosha shingo isizame. Nikarudi kwa Mangi kupima, kila kitu pamoja ni kilo 1 na gramu 500. Kutoka 3 na 600! Siku hiyo nilifanya kazi mpaka saa kumi na moja na nikarudi nyumbani nikapika.

Kuhama laptopu kulikuwa na sababu nyingine pia na hiyo iliniuma zaidi. Laptopu yangu ya zamani ilikuwa na diski ngumu ya aina ile ambayo ndani kuna sahani inazunguka, yangu ilikuwa mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele, ndogo sana. Mezani imetulia haina neno. Mimi nilikuwa natembea nayo imewaka, napanda ngazi, nageuka ghafla, kila hatua ni kishindo. Siku moja kwenye ghala la spea ikaanza kutoa mlio kama saa ya ukutani, tik, tik, tik, halafu ikaganda. Hesabu ya siku mbili, rafu arobaini na kitu, ikapotea, maana nilikuwa nasevu humo humo tu. Tulirudia bure, wenzangu wanne walirudia na mimi kwa kosa la vifaa vyangu na hakuna aliyeninyooshea kidole, nawashukuru mpaka leo. Kwa hiyo ukitaka kuvaa kompyuta, iwe na SSD, yaani diski ambayo ndani haina kitu kinachozunguka, au iwe kishikwambi, na hesabu iende mtandaoni au kwenye flashi kila baada ya rafu. Kila rafu sio kila jioni.

Sasa nije kwenye kutembea, maana hili ndo ninalotaka nieleweke kuliko yote. Watu wakiiona hii meza wanafikiri raha yake ni kuandika huku unatembea. Hapana. Hii ni meza ya kusimama ambayo unahama nayo.

Nilijua hilo kwenye ghala moja lenye ngazi za chuma za kwenda ghorofa ya juu. Nilikuwa nashuka, nimehesabu katoni za juu, nikawa namalizia kuandika namba ya mwisho. Meza ikiwa imefunguka mbele yako huoni miguu yako, huoni hatua mbili tatu za mbele, unaona ubao. Nilihesabu kwa mguu nikadhani ngazi zimeisha, kumbe imebaki moja. Nilianguka kwa goti na kiwiko, na ubao ukanigonga mbavu maana ulikuwa umefungwa kwangu, sikuweza kuutupa. Mbavu haikuvunjika lakini mwezi mzima nikikohoa naisikia. Na wiki chache kabla ya hapo foklifti ilinipitia karibu sana, dereva akapiga honi, nikainua macho nikakuta ni kama hatua moja. Mzee mmoja stoo kipa, mtu mzima anayeheshimika pale, alinisubiri nikatulia, nikamwamkia, akaniambia, "Marahaba mwanangu. Humu ndani ukitaka kuandika simama, ukitaka kutembea tembea. Hivi viwili havikai pamoja." Hakunifokea. Nilipoanguka kwenye zile ngazi sauti yake ndo ilikuja kwanza.

Tangu hapo ubao unanyanyuka na kujifunga kifuani kwa kipande cha velkro kabla mguu haujatoka, miguu naiona, halafu nikifika naushusha, sekunde mbili. Ngazi ya kuegemeza siipandi nimeivaa kabisa. Na ile klipu ya mbele ya kiunoni lazima ifunguke kwa mkono mmoja, hili nalisisitiza kwa kila ninayemtengenezea, kukiwa na moto au kitu kimenasa kwenye rafu uwe na uwezo wa kubonyeza tak na meza yote idondoke, kishikwambi kitanunuliwa kingine. Toleo la pili lilikuwa na fundo, na nikifikiria lingenasa mahali napata baridi.

Mengine madogo madogo nitapita haraka. Joto, mwezi wa kwanza na wa pili Dar unajijua, ubao ukikaa tumboni jasho linalowanisha kila kitu, weka kipande cha kitambaa cha taulo kwenye mkanda na ukifue kila siku. Kama bado unatumia laptopu toboa matundu kwenye ubao chini ya feni yake, vinginevyo inachemka na kuzima. Mwanga, ukitoka nje ya ghala kwenye jua kioo kinakuwa cheusi huoni kitu, kipande cha boksi kilichokunjwa kama kibanda juu ya kioo kinasaidia kuliko kuongeza mwangaza, ambao unakula chaji tu. Barabarani Kariakoo siivai hata siku moja, kifaa kilichoko mbele yako na mikono iko bize kinakwapuliwa, inaingia kwenye begi mpaka nifike.

Na miguu. Meza haikuokolei miguu, na mtu asikudanganye kwamba kusimama kutwa ni afya, kukaa kutwa kunaua mgongo na kusimama kutwa kunavimbisha miguu. Natafuta boksi fupi naweka mguu mmoja juu yake, kisha nabadilisha, kiuno kinapumua. Kila baada ya saa moja naivua yote dakika kumi nakaa chini hata kwenye pallet. Hizo dakika kumi nimezigombania na waajiri na sasa naziandika kwenye makubaliano kabla sijaanza kazi.

Maana kuna moja bado linaniuma. Ofisi moja tuliyoenda kuwafanyia kazi, sitaitaja, meneja aliniona nimeivaa akaniita pembeni akaniambia niivue, ati nafanana na machinga na wateja wataonaje. Niliivua, nikafanya kazi siku tatu kwa mkono wa kushoto, namba za siku hizo tatu zilikuwa na makosa mengi kuliko za wiki nzima iliyofuata, na mkono ukavimba. Sikumjibu siku ile lakini jibu ninalo. Kufanana na machinga sio tusi. Yule kijana wa Mbezi alishatatua tatizo ambalo ofisi nzima yenye viyoyozi haijawahi hata kujiuliza, kwamba mfanyakazi aliyesimama naye anahitaji mahali pa kuandikia. Kwenye maghala wamenunua foklifti, wamenunua kamera, wamenunua mashine za kuskani, na mtu anayehesabu bado anaandikia juu ya paja lake. Nikiona hivyo inanikera kweli.

Sasa hivi tuko sita kwenye timu na meza ziko tano, ya sita ndo inatengenezwa. Wiki iliyopita nilimpeleka Keko binti mpya tuliyempokea, mfupi kuliko sisi wote, na anaandika kwa kushoto. Fundi siku hizi akiniona na mgeni haulizi tena ubao wa ukubwa gani. Aliweka msumeno chini, akajipangusa mikono, akatoa futi, akamwambia, "Simama vizuri mdogo wangu, usijikaze, achia mabega. Kunja kiwiko." Akapima kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye nyonga, akaandika kwa penseli ukutani pembeni ya vipimo vyetu vingine, halafu akageuka akaniuliza tundu la kuwekea skana alihamishie upande wa kushoto au yule binti atapenda libaki pale pale. Nikamwambia muulize mwenyewe, ndo atakayevaa.